Mabao Hayasemi Yote

Ndugu msomaji, ukimwuliza kijana ni nani mchezaji hodari, atakuhesabia mabao. Hesabu ni kitu kizuri, lakini haitoshi. Tazama Kombe la Dunia la mwaka 1958 kule Sweden. Just Fontaine wa Ufaransa alifunga mabao 13 katika michezo 6, tena kwa viatu vya kuazima, na hata leo hakuna aliyeifikia idadi hiyo katika Kombe moja. Mwenzake, Raymond Kopa, alifunga 3 tu. Lakini mwaka ule ule Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, alipewa Kopa. Ndiye aliyekuwa akiwachenga walinzi na kuwafungulia wenzake njia.

Simpunguzii Fontaine sifa yake. Mabao yale ni yake. Nasema tu kwamba daftari humwandika mfungaji, humsahau aliyempa mpira. Basi wewe mzazi, mwanao akirudi kutoka kiwanjani, usianze kwa kumwuliza, “Umefunga mangapi?” Mwulize pia, “Umemsaidia nani?” Maana mtoto hulithamini lile analoulizwa nyumbani.