Tulivyowajua Yanga Zamani, Tunavyowajua Leo

Kila ifikapo Julai, kabla sisi Simba wa Msimbazi hatujamaliza kuwahesabu wachezaji wetu wapya, swali linalotangulia vijiweni Kariakoo ni moja: Yanga wamemsajili nani? Usipolijibu hilo, hujaanza kuzungumza mpira. Ndivyo ilivyokuwa nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na ndivyo ilivyo hadi leo. Kilichobadilika ni namna tunavyolijibu, na mabadiliko hayo yananiuma.

Miaka ya 80 jibu lilifuatwa kwa miguu. Yanga walikuwa wakifanya mazoezi Uwanja wa Kaunda, pale pale klabuni kwao Jangwani, na kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi huko si safari ya kupanda basi. Uwanja wenyewe haukuwa na nyasi za kujivunia, na masika yakizidi, Mto Msimbazi ulifurika na kuuvamia mtaa. Lakini jua likishapungua ukali, kingo zake zilijaa watu: wauza kahawa, makuli waliomaliza kazi sokoni, wanafunzi wenye sare, wazee wa klabu kwenye mabenchi yao. Na sisi watani tulikuwamo. Walitujua kabisa kuwa ni Simba. Walituzomea kidogo, wakatutania, kisha wakatuachia nafasi ya kusimama.

Mimi nilikuwa nikiongozana na fundi cherehani mmoja wa Mtaa wa Swahili, Simba wa kufa na kuzikana. Saa kumi alikuwa anafunika cherehani yake kwa kitambaa cha kaniki, anavua utepe wa kupimia shingoni, anaukunja na kuutia mfukoni, tunaondoka. Akifika Kaunda hakusimama pembeni kama wenzake. Alizunguka hadi nyuma ya goli, kwa sababu alitaka kuona mabeki wanavyojipanga mpira ukiwa mbali. "Mwanangu, usimtazame mwenye mpira," aliniambia. "Mtazame anayetakiwa kuupokea, kama anaufuata au anausubiri."

Alivyokuwa anavitafuta vilikuwa vitu vidogo vidogo. Beki wa kushoto akipanda, nani anaziba nyuma yake? Kipa akitoka kwenye kona, anadaka au anapiga ngumi? Kiungo akichoka, pasi zake bado zinakwenda mbele, au zimeanza kurudi kwa mabeki? Kocha akianza kuwakimbiza raundi za mwisho, wakati watazamaji wengi wameshageuka kwenda makwao, yeye ndipo alipotulia na kutazama kwa makini zaidi. Mchezaji anayeinama na kushika magoti alimkariri. Siku ya mechi, alisema, huyo ndiye wa kushambuliwa dakika ya sabini.

Kwa namna hiyo tuliijua Yanga ya Charles Boniface Mkwasa, ya Juma Mkambi 'Jenerali', ya Ahmed Amasha 'Mathematician', ya Athumani Juma Chama 'Jogoo', ya Makumbi Juma 'Homa ya Jiji' na Abeid Mziba 'Tekero', kama mtu anavyowajua wapangaji wenzake wa nyumba moja. Mziba kwa mipira ya kichwa alikuwa balaa. Mabishano yetu hayakuwa kama ni mchezaji mzuri au mbovu; hilo halikuwa na mjadala. Tulibishana kama dawa yake ni kumwekea beki mrefu, au ni kumzuia anayemletea krosi. Fundi alikuwa upande wa wanaosema krosi. Mpira ukishafika hewani, alisema, Mziba ameshakushinda.

Ninalolikumbuka kuliko yote ni ripoti aliyokuwa akiitoa tukirudi kijiweni. Yanga wakiwa wabovu alisema wabovu. Wakiwa wazuri alisema wazuri, tena kwa sauti, mbele ya Simba wenzake wenye hasira. "Mwaka huu tusidanganyane, pale katikati wametuzidi." Alipewa kahawa, akaulizwa maswali, na asubuhi yake hoja ilikuwa viongozi wetu wamsajili nani ili pengo lizibwe. Hakuna aliyemwita msaliti.

Hata ushindi aliupima kwa ukweli ule ule. Kila shabiki wa Simba amelelewa na hadithi ya Julai 19, 1977, siku tuliyowafunga Yanga mabao 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan 'Masimenti' mawili, na moja walijifunga wenyewe. Fundi aliisimulia kwa furaha kama wengine, ila yeye kila mara alianzia nyuma, kwenye mgogoro wa ndani ya Yanga ambao mwaka 1976 ulizaa klabu ya Pan African na kuondoka na sehemu kubwa ya wachezaji wao. Kwake, Kibadeni alistahili sifa zote, na Yanga ile ilikuwa imevunjika kabla haijaingia uwanjani. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, na furaha yetu haikupungua hata chembe.

Fundi alifariki dunia kabla ya Mei 6, 2012. Ningependa angeiona siku ile, mabao 5-0 pale Uwanja wa Taifa, Emmanuel Okwi akiwanyanyasa mabeki wao hadi huruma. Lakini zaidi ningependa awepo miezi iliyofuata, maana ndipo alipohitajika. Yanga waliondoka uwanjani wamejua ugonjwa wao ulipo, wakaenda kuutibu palipouma: walimchukua Kelvin Yondani kutoka kwetu wakampanga na nahodha wao Nadir Haroub 'Cannavaro', kisha wakamnasa Mbuyu Twite, beki tuliyeamini ni wetu, akavaa jezi yao yenye jina la Rage mgongoni, jina la mwenyekiti wetu wa wakati ule. Vijiweni kwetu jibu lilikuwa moja tu: tano! Mtu akitaja ukuta mpya wa Yanga anaonyeshwa vidole vitano. Msimu wa 2012/13 ukaisha, ubingwa ukaenda Jangwani.

Nadhani hapo ndipo tathmini ya kweli ilipoanza kututoka. Matokeo ya jana yakawa ndiyo kipimo cha kikosi cha kesho.

Mwaka 2021 tukalipia kwa bei kubwa. Tulikuwa tumechukua ubingwa mara nne mfululizo, na katika dirisha lile tuliwauza Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Clatous Chama kwenda RS Berkane. Upande wa pili wakaingia Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala, Djuma Shaban na Fiston Mayele. Hebu tazama ile safu: kipa, beki wa kulia, wanaume wawili wa kulinda uti wa mgongo wa timu, na mshambuliaji wa kati. Aliyefanya usajili ule alianza na msingi akamalizia na paa. Lakini Mayele na Djuma walitoka AS Vita, na Vita tulikuwa tumeipiga 4-1 Uwanja wa Mkapa mwezi Aprili, basi kijiweni ikatosha. Wachezaji wa timu tuliyoipiga nne watatufanya nini? Septemba 25 Mayele akafunga bao pekee la Ngao ya Jamii, na Yanga wakamaliza ligi ya 2021/22 bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Sisemi kuwa zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Wengi wa kizazi kile cha Kaunda waliuacha mpira mikono mitupu, wakiwa wametupa sisi magoti yao. Mchezaji wa leo anasaini mkataba wa maana, anatibiwa, anapanda ndege, na akipata mahali pazuri zaidi anakwenda. Ni haki yake. Na soka letu limepanda. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 wakaikosa mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, na sisi tukafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane. Kikosi cha vijana wa mitaa ya Ilala na Temeke peke yao kisingetufikisha huko.

Ila kumjua mpinzani kumekuwa kugumu kwa namna ambayo hatukuitegemea. Yanga wanajifua Avic Town kule Kigamboni, sisi Bunju, na milango ni ya kufungwa. Mchezaji anatangazwa usiku wa manane kwa picha na muziki, halafu kinaletwa kipande cha video cha dakika mbili ambamo hakosei pasi hata moja. Kesho yake kila mtu ana hukumu. Na kabla hujaujua vizuri mguu wake dhaifu, ameshaondoka. Mayele alikaa misimu miwili akaenda Pyramids. Stephane Aziz Ki alikuja 2022, akawa mfungaji bora wa 2023/24 kwa mabao 21, na 2025 alikuwa Wydad. Mkwasa nilimtazama miaka na miaka. Nilijua hata anavyotembea akiwa ana maumivu.

Hilo la wachezaji kupita ningelivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni hiki tulichokifanya kwa watu kama fundi wangu. Leo Simba akisema hadharani kuwa kiungo wa Yanga ni bora kuliko wetu, ataitwa pandikizi, ataulizwa amelipwa shilingi ngapi. Kazi ya kuwapima Yanga tumewaachia wasemaji wa klabu na watu wa redioni wanaojulikana rangi zao, na wao kazi yao ni kutupandisha mori. Nao Yanga wanafanya vivyo hivyo kuhusu sisi. Tumebaki na kelele za pande mbili na hakuna anayesimama nyuma ya goli.

Agosti 2023 kule Mkwakwani, Tanga, tulitwaa Ngao ya Jamii kwa penalti baada ya dakika tisini bila bao, na kijana wetu Ally Salim alistahili kubebwa mabegani. Lakini katika dakika zile tisini kulikuwa na wageni wawili wa Yanga, Maxi Nzengeli na Pacome Zouzoua, na mwenye macho aliona jinsi wanavyopokea mpira wakiwa wameshageuka kutazama goli. Ushindi wa penalti ukafunika yote. Novemba 5 tukakutana tena kwa Mkapa: Yanga 5, Simba 1. Maxi alifunga mawili, Pacome moja, Kennedy Musonda na Aziz Ki wakamalizia hesabu. Usiku ule watu wetu walimlaumu kocha, kipa, hata mwamuzi. Sikumsikia mtu akisema kuwa dalili zilikuwa wazi tangu Tanga.

Kisha ikaja 2025, na Mohamed Hussein 'Tshabalala'. Jina lake la kuzaliwa ni lile lile la 'Mmachinga', yule mshambuliaji wa Yanga aliyefunga mabao 26 katika ligi ya 1999 na kutunyima usingizi. Tshabalala alikuwa wetu tangu 2014, beki wa kushoto, nahodha, mtu aliyepita mikononi mwa makocha wengi na nafasi yake ikabaki yake. Akasaini Yanga. Wimbo uliopigwa kwetu ni kwamba amezeeka, waache wamchukue. Miaka yote ile tulimwona akipanda, tulijua anapiga krosi akiwa wapi, tulijua nani alikuwa akiziba nyuma yake na nini kilitokea asipozibwa. Hapajawahi kutokea mchezaji wa Yanga ambaye Simba tulikuwa na elimu naye zaidi ya huyu. Fundi angekaa kijiweni hadi usiku akieleza jinsi ya kumchezea. Sisi tukaimba kuhusu umri wake, na Septemba 16 bao la Pacome likawapa Yanga Ngao ya Jamii kwa 1-0.

Kwa hiyo nina ombi, ndugu zangu wa Msimbazi. Siku ya Mwananchi, Yanga wanapotambulisha kikosi chao, ikifika, msiizime televisheni kwa hasira wala msisubiri vipande vya video kesho yake. Watazameni Yanga dakika tisini zote, hasa zile za mwisho ambapo wageni wapya wameshachoka. Mtazameni anayeziba nyuma ya beki wa kushoto. Kisha njooni kijiweni mseme mlichokiona, na akitokea mmoja wetu akasema mwaka huu pale katikati wametuzidi, mpeni kahawa na mumwache amalize.