Baba Atakwenda Jumapili

Nadhani wasomaji wengi watacheka wakisikia ya kuwa baba yangu, aliyezaliwa mwaka wa 1954, ule Malkia Elizabeth alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls, anajitayarisha kwenda Uskoti kwa ajili ya mchezo wa gofu. Hata mimi nilicheka kwanza. Lakini mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma na kujaza fomu zote wakati wa likizo, kwa sababu macho ya Baba hayaoni tena herufi ndogo. Kwa muda wa wiki tatu nilijifunza habari zake ambazo sikuzijua maisha yangu yote.

Kwetu ni Jinja, pale mto Naili unapotoka ziwani. Tangu utoto wake Baba alikwenda uwanjani kuchukua mifuko ya fimbo za wachezaji, kazi ambayo watu wa gofu huiita ukedi, na akaifanya zaidi ya miaka 20. Hupenda kutusimulia jinsi viboko walivyotoka majini usiku kula nyasi, na asubuhi mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuutoa bila kuhesabiwa pigo. Siku za Jumatatu makedi nao walicheza kwa fimbo za kuazima, na Baba alikuwa hodari. Hodari kiasi gani hakuna ajuaye, maana Jumatatu hizo hakuna aliyeandika hesabu.

Jambo hilo ndilo lililotusumbua. Dada yangu mkubwa ni muuguzi mjini Glasgow, naye ameweka akiba miaka miwili ili Baba akacheze katika uwanja wa kale wa St Andrews, uitwao Old Course. Huko ndiko ilikoanzia desturi ya mashimo 18, mwaka wa 1764. Basi nikayasoma masharti. Wengi wanaotaka kucheza hutia majina yao katika kura, na kura hupigwa siku mbili kabla. Tena kila mchezaji hutakiwa kuonyesha cheti cha handikapu, yaani hesabu iliyothibitishwa ya uwezo wake. Baba hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kupiga mpira.

Sikumwambia kwa siku nne. Nilimsomea mambo mengine, nikamchorea ramani ya uwanja nyuma ya kalenda ya zamani. Alifurahi mno aliposikia kwamba mashimo 14 ya pale hushiriki viwanja vya nyasi fupi mawili mawili, na ukijumlisha namba za mashimo hayo mawili, jawabu ni 18 daima. Akawa ananijaribu wakati wa chakula: "Shimo la 3?" Nami hujibu, "La 15, Baba." Mama alisema nyumba imekuwa darasa la hesabu.

Kisha tukafika kwenye fomu ya bima ya safari, ambayo huuliza kama msafiri ana ugonjwa wo wote. Goti la kulia la Baba limekuwa likivimba tangu mwaka jana. Dada hajui. Kila anapopiga simu Baba hujibu akiwa ameketi, kwamba yu mzima kabisa.

"Andika hapana," akaniambia.

Nikaweka kalamu chini. Kumbishia baba si jambo jepesi nyumbani kwetu, na sauti yangu ilitetemeka. Nikamwambia, "Baba, uwanja ule ni mwendo wa kilomita 6 na zaidi, na watu huenda kwa miguu. Ukianguka, bima haitalipa, atalipa Dada." Na kwa kuwa nilikwisha anza, nikamweleza na habari ya cheti.

Alinyamaza, akatoka nje. Siku mbili hakuitazama ile ramani. Mimi nilijiona mwana mbaya, nikazidi kusoma, labda nipate cho chote cha kumpa.

Hata nikaona habari moja ndogo ambayo nalikuwa nimeiruka. Siku ya Jumapili uwanja ule hufungwa kwa wachezaji, isipokuwa nyakati za mashindano fulani makubwa, na watu wa mji hutembea humo pamoja na watoto na mbwa wao, bila kulipa kitu. Nilimsomea jioni alipokuwa akinywa chai.

"Na mifuko?" akauliza.

"Hakuna mifuko, Baba. Hakuna anayecheza."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Akasema, "Basi nitatembea uwanjani mikono mitupu! Andika goti, mwanangu. Liandike vizuri."

Usiku ule alimweleza Dada mwenyewe. Dada alilia kidogo, akagomba sana, akataka Baba aende kwa daktari kabla ya tikiti kununuliwa, naye amekwenda.

Mpango wenyewe sasa ni huu. Watakwenda mwezi wa Juni, kwa kuwa jua la huko huchwa karibu na saa nne za usiku, na mzee ataweza kupumzika apendavyo. Mji wa St Andrews hauna reli tangu mwaka wa 1969, kwa hiyo watashuka Leuchars na kupanda basi. Mashimo ya kwendea na ya kurudia yamelala ubavu kwa ubavu, hivyo goti likiuma waweza kugeuka po pote. Na siku ya pili yake Baba atacheza katika uwanja mdogo wa Balgove, wenye mashimo 9, usiodai cheti. Ni yeye aliyenikumbusha kwamba siku hiyo itakuwa Jumatatu.

Nilipoondoka kurudi shuleni, majibu ya viza yalikuwa hayajaja. Baba alinisindikiza mpaka kituo cha mabasi, akalinyakua sanduku langu kabla sijalishika.

"Baba, goti," nikamwambia.

"Leo si Jumapili," akajibu, akatangulia.