Mbayuwayu wa Uvira na baridi ya Ulaya

Kila mwaka, mvua za mwezi wa tatu zinapozidi, mbayuwayu wanaojipanga juu ya nyaya za umeme hapa Uvira wanaanza kupungua. Wiki moja waya umejaa, wiki inayofuata wamebaki wachache, halafu hakuna. Watoto wanatuuliza wamekwenda wapi. Wiki hii tunawajibu, kwa sababu sisi wawili, mtu na dada yake, tuliwahi kuwakuta huko wanakokwenda, na tuliwakuta katika hali mbaya.

Tunasema juu ya yule mwenye koo jekundu na mkia wa panda. Uzito wake ni gramu 20 hivi, kama vijiko vitano vidogo vya sukari. Hapa kwetu hajengi kiota. Anakula wadudu wanaoruka, analala kwenye matete pamoja na wenzake, anabadilisha manyoya yake, kisha anaondoka na nguo mpya. Kutaga ni kule Ulaya. Wazungu wenyewe zamani hawakujua anakolala wakati wa baridi, hata wengine walisema anajificha chini ya matope. Mwaka 1911 mtu mmoja wa Uingereza, John Masefield, alimfunga mbayuwayu pete mguuni nyumbani kwake. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1912 ndege yule alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Hapo ubishi ukaisha.

Safari ya kurudi ni msitu, kisha Sahara, zaidi ya kilometa 1,500 bila maji wala nzi, kisha bahari ya Mediterania, kisha milima. Na nani anamwambia kwamba saa ya kuondoka imefika? Ulaya ndege wanaona mchana unarefuka na kufupika. Hapa kwetu jua linachomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kipwa na masika. Kwa hiyo mbayuwayu anafuata saa iliyo ndani ya mwili wake. Saa hiyo haijui hali ya hewa ya Ubelgiji. Anaondoka kwa wakati, kama mama aliyebeba ndagala zake alfajiri mpaka Kavimvira, akafika na kukuta mpaka umefungwa. Hawezi kulaumiwa kwa kuchelewa, na ndagala hazingoji.

Mwaka 2013 tulikuwa karibu na Namur, Ubelgiji, kumsaidia mtoto wetu aliyejifungua. Tulifika mwanzo wa mwezi wa tatu. Tuliambiwa majira ya kuchipua yamekaribia, kwamba tutaona maua. Tarehe 12 theluji kubwa iliangukia Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa, magari yakakwama barabarani, na sisi tukabaki ndani na makoti yetu kama watu waliofungiwa kwenye firigo. Baridi haikuondoka upesi. Uingereza nako mwezi ule wa tatu ulikuwa na baridi kuliko mwezi wa tatu wowote tangu 1962.

Jirani alikuwa mzee mkulima, mwenye ng'ombe wachache. Kila asubuhi aliacha nusu ya juu ya mlango wa zizi wazi, na sisi tulishangaa: baridi yote ile, na mlango wazi! Alituonyesha juu ya boriti viota vitano vya udongo, vikavu, vitupu. Kwa kawaida, alisema, wa kwanza wanafika kabla ya katikati ya mwezi wa nne, madume mbele, majike nyuma. Mwaka ule alingoja. Alipojua tumetoka Kongo alituuliza kwa mzaha, "Mama, ndege wangu mmewaweka wapi?" Dada akamjibu kwamba ni wetu, sisi tumewaazima tu. Mzee alicheka sana.

Walifika mwishoni mwa mwezi, watatu, siku ya mvua. Tuliwafahamu mara moja, ingawa kule Uvira hatukuwa tumewahi kuwaona wamekaa chini. Pale walikaa juu ya lundo la mbolea ya ng'ombe, manyoya yamesimama. Mzee alitueleza sababu: baridi inapozidi, wadudu hawaruki, na mbayuwayu hajui kuokota mbegu kama shomoro. Chakula chake ni kile kinachoruka, basi. Mbolea ina joto, nzi wachache wanatoka hapo. Wengine tuliwaona wakiruka chini kabisa juu ya mto Meuse, mabawa yakikaribia kugusa maji.

Ndege aliyevuka Sahara anafika mafuta yameisha mwilini. Siku mbili tatu bila kula zinatosha kumuua. Wengine, wakikuta baridi mbele, wanageuka na kurudi kusini kidogo, au wanangoja upande wa pili wa milima mpaka upepo ubadilike. Anayepona anachelewa kutaga. Katika mwaka mzuri jozi moja hulea vifaranga mara mbili, pengine tatu. Mwaka wa baridi iliyochelewa, mara moja inakosekana, na mwezi wa kumi wanaorudi kwetu ni wachache. Tulipoondoka Namur katikati ya mwezi wa tano, viota viwili kati ya vitano vilikuwa vimepata wenyewe.

Mambo haya hayakuishia mwaka ule. Mwanzo wa mwezi wa nne 2020, upepo mkali wa baridi kutoka kaskazini uliwakuta mbayuwayu wakitoka Afrika kuingia Ugiriki. Maelfu walianguka wamekufa, hata katika barabara na baraza za nyumba za Athens.

Kekeo wa Ulaya, yule jike anayeachia wenzake kazi ya kulea, naye ni mgeni wetu. Tangu 2011 Waingereza wamewafunga baadhi yao vyombo vidogo vinavyoonekana kwa satelaiti, na wameona kwamba wanapitisha miezi ya baridi katika misitu ya Kongo.

Mafuta ya safari, hawa mbayuwayu wanaanza kuyaweka mwilini hapa hapa, kwa kumbikumbi na mbu wa mabonde yetu, katika mwezi wa pili na wa tatu. Anayeondoka mnene ana siku moja au mbili zaidi za kungoja jua huko mbele. Wavulana wetu wenye manati wanaijua vizuri miezi hiyo. Ndiyo miezi wanaposema nyama yake ina mafuta.