Sur na Forodha ya Ng'ambo

Mji wa Sur, huko Oman, umekatwa na hori. Upande mmoja kuna soko, na ndiko walikokaa Wajanaba, watu wa majahazi. Ng'ambo ni Aiqa, kwa Bani Bu Ali. Siku hizi kuna daraja. Zama za babu yangu mtu alivuka kwa mashua, na akishavuka amekwisha ingia katika himaya ya watu wengine. Wakubwa wa Aiqa walikuwa masheikh wa Al Hamuda, ambao makao yao hasa yalikuwa bara, Jaalan, penye mitende. Liwali wa Sultani alikuwa upande wa Sur, na ngome ya Sunaysilah juu ya kilima. Babu akipenda kusema kwamba amri ya liwali ilikwenda mpaka pale maji ya hori yalipomfika magotini.

Mimi nimezaliwa Unguja, Malindi, na haya yote niliyasikia barazani. Babu alikuwa nahodha. Alikuja kila kaskazi na tende na papa mkavu, akasubiri kusi arudi Manga na boriti, hadi mwaka mmoja hakurudi tena, akaoa kwetu. Nilipopata akili bahari alikwisha iacha, lakini mtu akimtajia forodha alikunja uso kana kwamba bado ana mzigo ufukoni haujapimwa.

Mtoto haelewi kwa nini ushuru uwe ugomvi. Nikamuuliza, "Babu, kwani walikuwa wakitoza nyingi?"

"Hapana, mjukuu wangu. Nyingi ningelia. Mimi nilikuwa nikiuliza, wewe unayenitoza ni nani?"

Swali lake lina historia ndefu. Tangu Oman na Unguja zilipotenganishwa kwa uamuzi wa Canning, mtawala wa Waingereza huko India, mwaka 1861, Maskat ilitakiwa ilipwe na Unguja reale 40,000 kila mwaka, kwa kuwa mali ilibaki huku Afrika. Baadaye serikali ya Waingereza ya India ikaibeba hiyo ada, na fedha za Sultani zikawa zinapita mkononi mwa balozi wa Kiingereza. Kilichobaki kuwa chake hasa ni forodha. Nayo kwa miaka mingi ilikodishwa kwa matajiri wa Kibaniani: tajiri anatoa fungu lake kwa Sultani, halafu anakusanya mwenyewe. Watu wa Unguja wanaujua utaratibu huo, maana Jairam Shivji aliishika forodha yetu namna hiyohiyo wakati wa Sayyid Said. Sasa mwambie mtu wa kabila, mwenye bunduki na khanjari, afungue mzigo wake mbele ya karani wa tajiri aliyekodi ufuko!

Wasuri walitafuta njia yao. Baba yake babu alikuwa na bendera ya Kifaransa. Karatasi zake zilikaa katika kopo la bati lenye kifuniko, zimekunjwa hata mikunjo imetoboka, na babu alituonyesha mara chache, mikono ikiwa imenawa. Wafaransa wa Obock na wa visiwa vya Ngazija walikuwa wakizitoa kwa manahodha wa Sur, na jahazi lenye bendera hiyo manowari ya Kiingereza haikuthubutu kulipekua. Waingereza wakasema ni pazia la biashara ya watumwa. Hilo ni kweli kwa baadhi ya majahazi, na babu hakupenda nilizungumze. Lakini Sultani Faisal bin Turki naye alikuwa na lake: raia wake, kwenye bandari yake, wanamwambia kwamba wao ni watu wa Ufaransa. Kesi ikafika The Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 majaji wakaamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kugawa bendera mpya, isipokuwa kwa waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Wenye bendera za kabla ya 1892 wakaachiwa. Nimewahi kuwaza jinsi habari hiyo ilivyofika Sur: mabwana wa Ulaya wameketi mezani kupanga ni jahazi gani ni la nani, na wenye majahazi wako pwani wanatia shahamu.

Ya bara yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1913 makabila yalimchagua Imamu, Salim bin Rashid al-Kharusi, na Januari 1915 yakateremka kuishambulia Maskat. Askari wa Kihindi wakayarudisha nyuma. Baada ya hapo forodha ikawa silaha. Tende na makomamanga ya bara lazima yapite pwani, na anayeishika pwani anaweza kuwabana wa bara kwa ushuru. Wakabanwa kweli, mpaka mkataba wa Seeb, Septemba 1920, Sheikh Isa bin Salih al-Harthi akiwasemea watu wa Imamu. Sharti lililotajwa kwanza halikuhusu dini wala mipaka: anayetoka bara asitozwe zaidi ya asilimia 5 akiingia Maskat, Matrah, Sur au mji mwingine wa pwani. Babu aliijua hiyo tano kama anavyojua rakaa.

Kisha, mwaka 1925, akaja Bertram Thomas kuwa mshauri wa fedha wa Sultani Taimur. Dunia inamjua kwa kulivuka jangwa la Rub al-Khali. Sur ilimjua kwa hesabu zake. Alitaka forodha iwe moja, hori lote, Aiqa nayo ndani. Masheikh wa Al Hamuda wakakataa: Aiqa yetu, na ushuru wa Aiqa ni wetu. Manowari zikaja kutia nanga nje.

Wajanaba hawakuwapenda Bani Bu Ali, lakini waliuliza swali ambalo mshauri yeyote angepata taabu kulijibu. Ikiwa wa ng'ambo hawamlipi Sultani, sisi tumlipe kwa nini, na mizigo itashuka upande upi?

Na Bani Bu Ali hawakuwa watu wa kutishwa na moshi wa meli. Novemba 1820 Waingereza pamoja na Sayyid Said walikwenda kuwapiga nchini kwao, wakavunjwa vibaya, na Sayyid mwenyewe akajeruhiwa. Machi 1821 Jenerali Lionel Smith akarudi na jeshi kubwa zaidi, akaubomoa mji, na mateka wakapelekwa Bombay. Miaka mia baadaye mambo hayo yalikuwa yakisimuliwa kama ya juzi. Kuwataka watu hao wamkaribishe karani wa forodha kwa sababu mshauri wa Kiingereza amesema, mimi naona ilikuwa kutowajua. Ila sitawafanya wapigania uhuru: masheikh nao walitoza. Mchuuzi wa Aiqa alilipa kama wa Sur, tofauti ni mfuko.

Baada ya 1970 nilikwenda Oman, kama wengi wetu, na nikafika Sur. Nilivukishwa Aiqa na kijana mmoja, nikaketishwa kwa mzee wa Bani Bu Ali ambaye macho yalikwisha kumtoka lakini kumbukumbu ilikuwa kali. Tukanywa kahawa. Nikamtajia jina la babu, na nikamweleza alivyokuwa akiwalaumu watu wa ng'ambo kwa kumnyima Sultani haki yake.

Mzee akacheka hata akakohoa. "Babu yako! Tende alizishusha Sur, mbele ya liwali, kila mtu aone. Nguo za Bombay alizileta kwetu usiku."