Stima ya jangwani

Huku Kakuma jua tunalo la kumwaga, lakini stima tunainunua. Mtaani kwangu kuna mfanyabiashara mwenye jenereta. Anavuta waya kutoka nyumba hadi nyumba, na unamlipa kila mwezi kulingana na taa zako. Ikiharibika, mtaa mzima unarudi kwenye tochi za simu. Ndiyo maana vijana wa kikundi changu waliniuliza: kuna kambi yoyote duniani iliyopata stima ya jua, ile kubwa, ya kufika kwenye nyumba za watu? Nikatafuta. Zipo, na ziko Jordan.

Kambi ya Azraq ilifunguliwa 2014 katikati ya jangwa kwa ajili ya Wasyria. Kwa zaidi ya miaka miwili watu walikaa kwenye vibanda vya mabati bila stima, na taa ndogo za sola tu. Mei 2017 ukawashwa mtambo wa megawati 2, kwa pesa za Wakfu wa IKEA. Mwanzoni ulifikia watu kama 20,000. Familia zikaweza kuwasha taa, feni na friji, na kuchaji simu nyumbani. Novemba mwaka uleule kambi ya Zaatari ikapata mtambo mkubwa zaidi, megawati 12.9, paneli kama 40,000, kwa pesa za serikali ya Ujerumani. Hapo kabla stima ilikuwa inakuja kama saa 8 tu kwa siku. Zikaongezeka hadi 12 na zaidi.

Kijana mmoja akaniuliza, "Sasa kaka, usiku hilo jua wanalitoa wapi?" Swali zuri. Mtambo wa Zaatari umeunganishwa na gridi ya taifa. Mchana, stima inayobaki inaingia kwenye gridi ya Jordan. Usiku kambi inavuta kutoka gridi hiyohiyo, na ile iliyotoa mchana inapunguza bili. Yaani kuna saa ambapo stima ya kambi ya wakimbizi inawasha nyumba ya mwenyeji. Hilo lilinigusa kuliko hesabu ya megawati.

Lakini nilipoyaeleza haya kwenye mkutano wa bloku, mama mmoja mzee akasema, "Mwanangu, paneli hizo zinakaa miaka 25. Wakitujengea hivyo, si wameshaamua hatutarudi nyumbani?" Watu wakanyamaza. Wengi tunaiwaza hiyo hofu, ila hatuisemi.

Mama yangu, nimelifikiria neno lako. Kakuma ilianza 1992 kama mahali pa muda. Waliozaliwa hapa sasa wana watoto wao. Miaka yote hiyo giza halijamrudisha mtu kwao. Kinachorudisha watu ni amani. Na siku tukiondoka, mtambo utabaki kwa Waturkana waliotupokea, ambao wengi wao pia wanalala gizani.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi moja. Azraq, wakimbizi zaidi ya 50 walifundishwa na kuajiriwa kwenye ujenzi wa ule mtambo. Huku kwetu mara nyingi tunaletewa taa zilizokwisha fungwa kwenye boksi, tunapiga foleni, tunasaini, basi. Ikifa betri, taa inakuwa mchezo wa watoto.

Paneli huwezi kuipakia kwenye basi ukirudi Uvira au Bujumbura. Ufundi unaondoka nao. Kikundini kwangu kuna wasichana wawili na mvulana mmoja wanaotengeneza simu chini ya mti, na kushika waya hawaogopi. Siku mkija kupima kiwanja cha sola, anzeni kwa kuwaita hao.