Mshairi wa Nairobi na Kijita cha bibi

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya majaribio. Leo siongelei bumu wala foleni ya kantini. Jirani yangu wa hosteli kaniazima kitabu cha mashairi, na tangu juzi madesa yamekaa pembeni.

Mwenyewe anaitwa Amarjit Chandan, mshairi wa Kipunjabi. Kazaliwa wapi? Nairobi, 1946! Wapunjabi huku hawakudondoka kutoka mbinguni, jamani. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na vibarua wengi waliletwa kutoka Punjab. 1901 ikafika Kisumu, kwenye ziwa hili hili la kwetu Mara. Wapo waliobaki, wakazaa, na mashairi wakatunga. Hata Makhan Singh, yule wa vyama vya wafanyakazi aliyedai uhuru wa Afrika Mashariki pale Kaloleni 1950 akaishia kizuizini hadi 1961, naye alitunga kwa Kipunjabi.

Baba yake Chandan, Gopal Singh Chandan, alikuwa kwenye harakati hizo hizo. Familia ikarudi Punjab mtoto akiwa bado mdogo. Huko ukubwani kijana akaingia siasa za mrengo wa kushoto, wakamfunga, miaka miwili ndani ya chumba cha peke yake. 1980 akahamia Uingereza. Sasa hapo ndipo aliponimaliza. Mtu kazaliwa Nairobi, anaishi London, Kiingereza anakijua vizuri tu, lakini mashairi anaandika Kipunjabi. Kitabu nilichoazimwa, Sonata for Four Hands cha 2010, kina Kipunjabi upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ule upande wa kwanza sisomi hata herufi, ila nauangalia muda mrefu kuliko ninaousoma.

Mtasema Kipunjabi kina watu zaidi ya milioni mia, kwa nini asijidai. Sawa. Lakini hata wao wana yao: India wanaandika kwa Gurmukhi, Pakistan kwa herufi za Kiajemi, kwa hiyo ndugu wawili wa lugha moja wanaweza wasisomeane barua.

Mimi kwetu Kabasa. Bibi yangu ni Mjita, Kiswahili chake ni cha sokoni: bei, punguza, asante. Likizo iliyopita alimsimulia mdogo wangu hadithi ndefu, akacheka mpaka machozi. Dogo kanigeukia: "Dada, bibi anasemaje?" Nikatafsiri, na utani wote ukamwagikia njiani. Dogo akatabasamu kwa adabu tu. Bibi aliliona lile tabasamu, akanyamaza.

Baadaye akaniuliza huko chuo nafanya nini. Nikamwambia nasoma, na jioni naandika habari za maisha yangu, watu wanasoma. Akauliza naandika kwa lugha gani. Nikamjibu. Akasema, "Kwa hiyo mimi si katika hao watu."

Nimeshaanza kutunza nauli ya Disemba. Nikifika namkalisha bibi chini ya mwembe, yeye aseme na mimi niandike Kijita kitupu, tafsiri itajijua yenyewe. Kitu kimoja tu kinanisumbua: ile b yetu laini, ambayo Kiswahili hakina. Wajita mliopo humu, nyie mnaiandikaje?