Antena za Pwani: Kutoka Somanga Hadi Lindi

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda kusini, tazama mapaa ya nyumba. Mapaa yatakueleza mengi. Karibu na mji mkubwa utaona antena nyembamba za chuma, mfano wa mifupa ya samaki. Ukienda mbali na mji, antena hizo zinapungua. Mahali pake utaona madishi ya duara yanayotazama juu. Na katika vijiji vingine hutaona antena wala dishi.

Tofauti hii haitokani na bahati. Ina sababu, na sababu hiyo tunaweza kuielewa. Leo tutasafiri pamoja katika pwani ya Kilwa na Lindi tukiitafuta.

Safari yenyewe

Tunavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Daraja hili lina urefu wa mita 970. Lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko pale Ndundu. Mvua ikinyesha sana, abiria walilala njiani.

Baada ya Muhoro tunafika Somanga. Hapa bahari iko karibu. Hapa pia ndipo bomba la gesi ya Songo Songo linapofika nchi kavu. Gesi hiyo ilianza kutumika mwaka 2004 kuzalisha umeme Dar es Salaam.

Mbele yake ni Nangurukuru. Hapo tuko kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Njia zinagawanyika. Ukinyoosha utakwenda Lindi. Ukikata upande wa bahari utafika Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Ng'ambo ya Masoko, safari fupi ya mashua, ni Kilwa Kisiwani.

Kisiwani ni mji wa kale sana. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Katika mji ule habari zililetwa na vyombo vya matanga. Upepo wa kaskazi ulileta watu wa Arabuni na Bara Hindi. Upepo wa kusi uliwarudisha makwao. Bei ya dhahabu, habari za vita na habari za ndugu zote zilingoja upepo.

Siku hizi habari haingoji upepo. Inakuja kwa mawimbi ya hewani. Lakini mawimbi hayo nayo yana tabia zake, kama upepo ulivyo na tabia zake.

Televisheni ilivyotufikia

Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Tanzania Bara ilingoja zaidi ya miaka 20. Kituo cha ITV kilianza mwaka 1994. Televisheni ya taifa ilifuata, na leo tunaijua kwa jina la TBC.

Zamani mitambo ilirusha picha kwa njia ya analojia. Mtu akiwa mbali na mnara, picha ilikuja na chenga nyingi. Lakini aliona kitu. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Mikoa mingine ilifuata kwa zamu. Tukaingia katika njia ya dijitali. Ndipo tukajifunza neno king'amuzi.

King'amuzi ni kisanduku kinachopokea mawimbi na kuyageuza kuwa picha. Njia ya dijitali ina faida. Mawimbi yaliyobeba chaneli moja zamani, leo yanabeba chaneli nyingi. Picha ni safi. Lakini haina chenga. Mawimbi yakitosha, unaona vizuri kabisa. Yakipungua kidogo, picha inakatika vipande vya miraba. Yakipungua zaidi, kioo kinakuwa cheusi. Ni kama mtu anayetembea ukingoni mwa gema. Hatua moja tu, ameanguka.

Kwa nini Lindi isiwe Masoko

Mawimbi ya televisheni ya ardhini hutoka katika mnara. Huenda kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Dunia ni duara, kwa hiyo baada ya masafa fulani ardhi yenyewe inayazuia. Wavuvi wanalijua jambo hili. Jahazi likienda mbali, kwanza tanbihi ya mwili wake inapotea. Mlingoti ndio unaoonekana mwisho.

Basi tufanye hesabu. Tuseme mnara una urefu wa mita 100, na antena yako iko mita 10 juu ya ardhi. Nchi ikiwa tambarare, mawimbi yatakufikia ukiwa umbali wa kama kilomita 54. Ukiishusha antena mpaka mita 4, umbali unapungua kuwa kama kilomita 49. Mnara ukijengwa juu ya kilima, ukafika mita 300, mawimbi yatakwenda kama kilomita 84.

Sasa tazama ramani. Kutoka Lindi mjini hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo mnara ukiwa Lindi, hata juu ya kilima, mtu wa Masoko asitegemee kuupata kila siku. Hilo si kosa la televisheni yake wala la fundi. Anahitaji mnara wa karibu zaidi, au dishi.

Dishi halitazami mnara. Linatazama setilaiti iliyo juu sana angani. Ndiyo maana dishi hufanya kazi hata Liwale au Kiranjeranje, maadamu hakuna mti au ukuta mbele yake.

Pwani ina jambo jingine. Siku za joto na utulivu, mawimbi yanaweza kuteleza juu ya bahari na kufika mbali kuliko kawaida. Chaneli ya mbali huingia ghafla. Kesho yake imetoweka. Usinunue vifaa kwa sababu ya jioni moja kama hiyo. Ngoja uone siku nyingi.

Soma kabla ya kulipa

Ndugu msomaji, wewe unajua kusoma. Tumia elimu yako dukani. Nimeona vijijini watu waliouziwa king'amuzi cha antena mahali ambapo mawimbi ya mnara hayafiki. Fedha za magunia ya ufuta zimelala kabatini.

Tazama maandishi juu ya sanduku. King'amuzi cha antena huandikwa herufi T2. King'amuzi cha dishi huandikwa herufi S2. Hivi ni vitu viwili mbalimbali. Usikubali kuambiwa kwamba vyote ni sawa.

Kisha uliza maswali haya:
1. Mnara wa karibu uko wapi, na ni kilomita ngapi kutoka kwangu?
2. Ni jirani gani anayepata picha kwa antena? Niende nikaone.
3. Ni chaneli zipi, kama TBC1, nitakazoona bila kulipa kila mwezi?
4. Kisipofanya kazi kwangu, nitakirudisha?

Dai risiti. Iweke mahali pakavu.

Jinsi ya kufunga antena

Kama mnara uko karibu, fuata hatua hizi.

Kwanza, chagua mahali pa wazi. Minazi na miembe hupunguza mawimbi, hasa majani yakiwa mabichi na yamelowa. Mnazi ukiyumba mbele ya antena, picha nayo inakatika-katika.

Pili, simamisha mlingoti imara. Tumia bomba au mwanzi mkavu. Usikate mikoko. Mikoko inalinda pwani yetu na ni mazalio ya samaki. Kuikata bila kibali ni kosa. Mlingoti ukae mbali na nyaya za umeme, hata ukianguka usiziguse.

Tatu, elekeza antena kwenye mnara. Tazama za majirani. Vijiti vyao vikilala, vyako navyo vilale. Vikisimama, vyako visimame.

Nne, washa king'amuzi, kisha fungua ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi na ubora wake. Mtu mmoja azungushe antena, mwingine asome namba. Zungusha kidogo, kisha ngoja hesabu ya sekunde tano. Njia ya dijitali huchelewa kujibu. Anayezungusha haraka hupita mahali pazuri bila kujua. Ubora ndio wa kuangalia zaidi.

Tano, funga maungio ya waya kwa utepe wa plastiki. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi inakula chuma. Safisha maungio kila mwaka kabla ya masika. Ngurumo zikianza, chomoa waya wa antena.

Nyumba isiyo na umeme wa gridi yaweza kutumia sola. Televisheni ndogo ya volti 12 hutumia kama wati 15 hadi 30.

Faida yake ni nini?

Wengine husema televisheni ni ya mpira na maigizo. Mpira si mbaya. Lakini kwetu pwani kuna jambo kubwa zaidi.

Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Wakati ule redio zilikuwa chache. Miaka 72 baadaye, mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilikuja katika pwani yetu. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kabla hakijafika. Mvua ilikuwa kubwa mno. Barabara kuu ilikatika Somanga na Matandu, na magari yakakwama pande zote mbili.

Mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika. Watu wengi nchini hawakuweza kutumia intaneti ya simu kama kawaida. Hapa tunapata somo. Usitegemee njia moja ya habari. Aliye na televisheni awe pia na redio ya betri. Umeme ukikatika, redio itasema.

Mvuvi wa Kivinje aliyesikia tahadhari jana anavuta ngalawa yake nchi kavu leo. Ambaye hakusikia yuko baharini. Taarifa moja tu imewatenga watu hawa wawili.

Tena kuna mazao. Ufuta wetu na korosho zetu huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Bei ya mnada hutangazwa. Mkulima aliyeisikia hawezi kudanganywa na mnunuzi wa kangomba anayekuja usiku na bakuli lake. Asiyeisikia huuza jasho lake kwa bei ya kutupa.

Tutazame pamoja

Si kila nyumba inaweza kununua televisheni. Wala si lazima. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Walisoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Redio moja ilitosha kikundi kizima.

Njia hiyo haijazeeka. Kijiji kinaweza kuwa na televisheni moja katika ofisi ya kijiji, shule au chama cha ushirika. Wekeni mtu wa kuitunza. Wekeni daftari. Kila jioni mmoja aandike hali ya hewa ya kesho na bei ya mazao iliyotangazwa. Asubuhi maandishi hayo yabandikwe ubaoni, penye njia ya kwenda pwani na shambani. Hata asiyeiona televisheni ataisoma habari.

Hapo ndipo kazi yako, ndugu msomaji, inapoanza. Mnara huleta habari mpaka kijijini. Kuifikisha kwa jirani ni kazi ya mtu anayejua kusoma na kuandika. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mnara ulio karibu na kijiji chenu uko wapi? Antena inafaa, au dishi?
2. Mwezi Mei 2024 mlipataje habari za kimbunga Hidaya? Nani hakuzipata, na kwa nini?
3. Ubao wa habari wa kijiji chenu ukae wapi? Nani ataandika?